Deni la Tofali la Kuchoma

Parokia kongwe za Kanda ya Ziwa, na misikiti ya zamani vilevile, hufikiwa na siku ambayo kamati ya ujenzi hukaa kuamua kama jengo la wazee libomolewe. Waumini wameongezeka, bati limetoboka, ukuta mmoja una ufa unaopitisha kidole, na mchoro wa jengo jipya umeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mjadala huanza na fedha na kuishia kwenye fedha. Dini huitwa tu kufungua kikao kwa sala na kukifunga. Hapo ndipo ninapotofautiana na kamati nyingi. Kubomoa au kutobomoa ni swali la dini kabla halijawa la fedha, kwa kuwa linauliza tunadaiwa nini na watu waliokwisha kufa, na kama kitu kilichotolewa kwa Mungu kinaweza kuishia kuwa kifusi cha kujazia shimo. Naamini deni lipo, ila wengi hulitafuta mahali pasipo. Hulitafuta kwenye maji ya baraka yaliyonyunyizwa ukutani, nalo limo katika kazi iliyofanywa na waliolijenga jengo. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kulitumia jengo na kulikarabati, na ikishindikana kabisa, kwa kuyarudisha matofali yake kazini.

Nyegezi panafaa kulitazamia jambo hili. Ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kwenye Ghuba ya Mwanza, kando ya barabara itokayo mjini kuelekea Shinyanga, na kama sehemu nyingine za jiji hili, anayenunua kiwanja mara nyingi hununua na mwamba wake. Misingi hujengwa kwa mawe hayohayo, kokoto hupondwa kwa nyundo, na juu ya msingi hupanda matofali ya saruji au ya kuchoma kulingana na mfuko wa mwenye nyumba. Ni kata ya taasisi za dini pia. Ipo Seminari ya Mtakatifu Maria, na katani humo wamisionari wa shirika la White Fathers, enzi za Askofu Joseph Blomjous, walianzisha mwaka 1960 kituo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Ukishuka kusini kidogo unafika Bukumbi, walikokimbilia wamisionari wa shirika hilohilo walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882. Ni zaidi ya miaka mia moja na arobaini basi tangu watu wa upande huu wa ziwa walipoanza kubeba udongo na mawe kwa ajili ya nyumba za ibada, na wajukuu wa waliobeba bado wapo.

Kabla ya kuhukumu tulitazame tofali lenyewe. Udongo mzuri mara nyingi ni wa kichuguu, maana mchwa wameshauchambua na kuushikamanisha. Hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini, kisha mfyatuaji huujaza kwenye boksi la mbao lililopakwa mchanga au majivu ili usigande, anausawazisha kwa kiganja na kulifyatua tofali juu ya ardhi. Tofali bichi hukaushwa taratibu chini ya nyasi, kwa sababu jua kali hulipasua. Yakikauka hupangwa kuwa tanuru lenye midomo ya kuingizia moto, tanuru likakandikwa udongo kwa nje, likawashwa kwa magogo, au siku hizi kwa pumba za mpunga, na moto ukalindwa usiku na mchana. Yaliyo pembeni hutoka mabichi, yaliyokaribia mno mdomo wa moto huyeyuka na kushikana, na yale yaliyoiva sawasawa hulia yakigonganishwa. Fundi mwashi hununua kwa sikio. Na atakayelichunguza tofali la zamani kwa karibu huweza kukuta mistari ya vidole vya aliyelisawazisha, imechomwa pamoja na udongo na haifutiki. Katika misheni nyingi vidole hivyo vilikuwa vya wakatekumeni, watoto wa shule na akina mama waliobeba maji. Wengine walilipwa kidogo, wengine hawakulipwa kabisa.

Je, tofali hilo ni takatifu? Wakatoliki wana sababu ya kujibu ndiyo. Kanisa linapotabarukiwa, askofu hupaka krisma altare na kuta zenyewe, mahali kumi na pawili au panne, na mtu aliyeshuhudia ibada hiyo hawezi kuuona ukuta huo kama ukuta wa ghala. Hata hivyo Sheria ya Kanuni ya mwaka 1983 haiachi utata. Mahali patakatifu hupoteza tabaruku yake pakibomoka kwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa moja kwa moja kuwa pa matumizi ya kawaida. Kanisa lisiloweza tena kutumika kwa ibada, askofu wa jimbo anaweza kuliruhusu litumike kwa mambo ya kidunia, ili mradi yasiwe ya aibu. Maana yake ni kwamba utakatifu wa ukuta, kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe, hufuata ibada inayofanyika ndani. Ukuta ukishavunjwa, krisma haifuati kila kipande cha tofali.

Waislamu wameifikia hoja hiyo kwa njia ya wakfu, na hawakukubaliana wote. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani na kupanda bara pamoja na wafanyabiashara, msikiti ukishawekwa wakfu hauuzwi, hata ukibaki gofu. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wanaruhusu mawe na mbao zake, zikihofiwa kupotea, zitumike kujengea msikiti mwingine. Wahanbali wanakwenda mbele zaidi: wakfu uliokoma kuwa na manufaa waweza kuuzwa na thamani yake ikaelekezwa kwenye wakfu wa aina ileile. Na juu ya mabishano yote hayo ipo Al-Kaaba, ambayo Makureshi waliijenga upya kabla ya utume wa Mtume Muhammad, ikajengwa tena katika vita vya karne ya 7, na tena baada ya mafuriko ya mwaka 1630. Makureshi walipungukiwa na mali ya halali, wakaacha sehemu ya msingi wa Nabii Ibrahim nje ya kuta, na mpaka leo sehemu hiyo imo ndani ya mzunguko wa tawafu ingawa haina paa. Umma uliojua kwamba kuta zimebadilika haukuacha kuelekea kibla.

Kwa hiyo dini zote mbili zinajua jinsi ya kuutenganisha utakatifu na udongo. Hapo ndipo kamati nyingi hukomea: baraka imeondolewa kwa utaratibu, tinga lije. Mimi naona hapo ndipo swali linapoanza. Askofu ana hati ya kuondoa tabaruku, na kadhi ana njia ya kuuhamisha wakfu, lakini hakuna mwenye hati ya kumrudishia mama yule maji aliyobeba kichwani, wala ya kuusimamisha tena mti uliochomwa. Usukuma unaijua thamani ya mti kuliko sehemu nyingi: mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ulikuta nchi iliyokwisha kukatwa mpaka wakulima ikawabidi wafufue ngitili za mababu zao, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, ili mifugo ipate majani na mapaa yapate nguzo. Tofali lililoiva ni kuni ambazo zimekwisha kuungua. Kulisaga tofali zima lenye kuweza kukaa miaka mia mingine, kisha kuagiza saruji iliyochomwa kwenye tanuru kubwa zaidi, ni kuchoma mara mbili kwa kazi moja. Kama kuna kitu ndani ya ukuta ambacho hakuna ibada ya kukiondoa, basi ndicho hicho, na hakiwahusu Wakatoliki au Waislamu peke yao. Kimo kwenye zahanati, kwenye darasa, hata kwenye nyumba ya mwalimu ambayo haikuwahi kubarikiwa na mtu.

Mchumi atanipinga haraka, na hoja yake ni nzito. Atasema kazi iliyokwisha kufanyika haiwezi kuamua la kufanya kesho; ukitazama nyuma unapoteza mara mbili, kwanza ulichotumia, kisha unachotumia kukilinda. Kwa mfanyabiashara aliyenunua mashine mbovu, ushauri huo ni sahihi. Lakini tofali la misheni halikununuliwa na kamati iliyopo leo. Lilitolewa, na aliyelitoa alikuwa na nia, kwamba watoto wasome, wagonjwa watibiwe, watu wasali. Mali iliyotolewa kwa nia ni amana, na anayeshika amana hana uhuru wa kuipigia hesabu kama mali yake. Nakubali kwamba amana haimfungi mtu milele: ukuta unaotishia kuwaangukia watoto hauna haki ya kusimama, na hakuna marehemu mwenye akili angetaka usimame. Ninachokikataa ni ile desturi ya kuiweka amana hiyo kuwa sifuri kwenye makadirio, eti kwa sababu haina risiti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sipendi jinsi watu wa uhifadhi wanavyolipita haraka. Majengo mengi ya zamani nchini, maboma ya Wajerumani hasa, yalijengwa na watu waliolazimishwa. Kitabu cha Kutoka kinasimulia juu ya watumwa waliotakiwa kutimiza hesabu ileile ya matofali huku wamenyimwa majani ya kuchanganyia udongo. Msomaji wa Kiafrika hahitaji maelezo marefu ili aielewe sura hiyo. Kwa nini basi tutunze ushahidi wa fedheha yetu, tena kwa fedha zetu? Kwa sababu kazi ile ilikuwa yao hata ikiwa amri haikuwa yao. Kulibomoa boma hakumwadhibu aliyetoa amri, maana amekwisha kufa. Kunafuta kitu pekee ambacho mfyatuaji asiye na jina aliacha duniani. Afadhali vyumba vile viwe masjala ya ardhi, maktaba au kliniki ya wajawazito, ili mjukuu apate faida ambayo babu alinyang'anywa. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, mwaka 1873 hakuacha soko la watumwa la Mkunazini liwe uwanja mtupu. Ujenzi wa kanisa kuu la Waanglikana ulianzishwa papo hapo, na wageni wanaofika Unguja leo hupelekwa hapo wakaelezwe kilichofanyika. Sharti langu ni moja: koo na vijiji vilivyotoa watu hao viulizwe kabla ya kuamua, na wakisema ukuta fulani hawawezi kuuvumilia, wasikilizwe.

Lipo pia jibu la mchungaji, ambalo husemwa kwa unyenyekevu mkubwa: Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono. Sulemani mwenyewe alilikiri hilo siku ya kulizindua hekalu, na Stefano akalirudia mbele ya baraza kabla ya kupigwa mawe. Nalikubali kabisa, ila naona linamkata anayelitumia. Kama Mungu hahitaji nyumba, basi hahitaji na ile mpya yenye minara miwili na vigae vinavyong'aa kuliko vya parokia jirani. Ongezeko la waumini ni sababu ya kweli. Fahari si sababu, na mara nyingi hupanda jukwaani ikiwa imevaa kanzu ya ongezeko hilo. Waumini wakizidi, kanisa jipya hujengwa kando na la zamani likawa ukumbi wa mafundisho, shule ya awali au mahali pa vikao vya jumuiya. Nyegezi yenyewe inaonyesha kwamba taasisi inaweza kubadilisha kazi yake bila kukana chanzo chake: kituo cha mafunzo ya jamii kilikuja kuwa chuo kikuu. Na shule za misheni zilizotaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 zilibadilisha mmiliki, wala watoto hawakuacha kujifunza kusoma ndani ya kuta zilezile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ngome Kongwe ya Unguja. Waomani walipowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walikuta kanisa, wakajenga ngome mahali hapo na kuacha sehemu ya kuta za kanisa ndani yake. Ngome ikawa jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu, baadaye uwanja wa tenisi wa akina mama, na sasa watu hukaa kwenye ngazi zake kutazama filamu na kusikiliza taarabu. Mtu wa dini anaweza kukunja uso kwa safari hiyo, hasa hapo kwenye jela. Lakini mawe yale bado yako kazini, na hakuna mwenye haki ya kusema yalipoteza heshima yao siku watu walipocheza tenisi. Aibu ingekuwa kuyasaga. Linganisha na Beit al-Ajaib, hatua chache kutoka hapo, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Lilifungwa kwa miaka kadhaa likisubiri ukarabati, maji yakaendelea kuingia, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka na kuua watu. Jengo lililofungiwa kwa heshima linakufa polepole, na hatimaye laweza kuua. Ndiyo maana simuungi mkono mhifadhi anayetaka kila kanisa kongwe lizungushiwe uzio na kuwekewa bango.

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu wote wa mawe ni wa kuazima, kwamba nyumba ya Msukuma ilikuwa msonge wa miti na nyasi, ikichakaa inajengwa nyingine, na masamva, mizimu ya mababu, hawakuwahi kudai ukuta wa kudumu. Wana sehemu ya ukweli. Padre David Clement alipojenga kanisa la Bujora, Kisesa, katika miaka ya 1950, alilipa umbo la mviringo kama nyumba ya Wasukuma, akijua kwamba umbo linaweza kubeba kumbukumbu kuliko jiwe. Lakini tazama kilichotokea Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kazi ndefu ya kuijenga upya. Wenye jukumu la kuezeka ni ukoo maalumu, na jukumu hilo halikuungua. Nyasi hufanywa upya kwa sababu nyasi huoza. Ni maisha yake. Tofali lina maisha marefu zaidi, na kulitendea kama nyasi si kufuata mila, ni kusahau mila ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inahakikisha kwamba kila kizazi kina mikono inayojua kukarabati. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanasubiri saruji na bati huku udongo wa kuchoma matofali na vigae umewazunguka. Lalamiko hilo halijapitwa na wakati, ingawa mimi ningeongeza tahadhari kuhusu kuni.

Na hapa teolojia inashuka mpaka kwenye mwiko wa fundi. Majengo ya zamani yalijengwa kwa mota ya udongo au chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali. Ukuta ukipata unyevu, nao karibu na ziwa hupata, maji hutoka kupitia kwenye mota na lipu ya chokaa. Fundi wa leo akija kuukarabati kwa lipu ya saruji, kwa nia njema kabisa, anauziba pumzi. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na uso wa tofali unamumunyuka kuwa unga. Baada ya misimu michache ya mvua kamati inaitwa kuja kuona kwamba tofali la zamani halifai, wakati aliyeliua ni ukarabati wenyewe. Mota hiyohiyo ndiyo inayoamua kama tofali litafufuka. Ukuta wa udongo au chokaa ukibomolewa kwa mkono, tofali hutoka zima, hukwanguliwa na kujengwa tena. Ukuta wa saruji ukibomolewa, tofali hupasuka kabla ya mota kuachia. Kwa hiyo anayejenga leo kwa matofali ya kuchoma na saruji nyingi kupita kiasi, akidhani anajenga imara, anawanyima wajukuu wake uwezo wa kuyatumia tena. Jengo jema ni lile linaloweza kufumuliwa.

Ombi langu kwa kamati za ujenzi, za Nyegezi na kwingineko, ni hili. Kabla ya kusaini mkataba wa kubomoa, mwiteni fundi mwashi anayejua chokaa, si mkandarasi wa zege peke yake, aseme ukuta unaugua nini. Waulizeni wazee wa jumuiya nani walifyatua na nani walibeba maji, na majina hayo yaandikwe kwenye kitabu cha parokia au cha msikiti pamoja na ya waliochangia fedha. Ikiamuliwa kubomoa, mkataba useme wazi kwamba ubomoaji utafanywa kwa mkono, matofali mazima yatahesabiwa na kukabidhiwa, na yatatumika kwa kazi ya jumuiya: darasa, choo cha shule, nyumba ya mjane. Gharama ya vibarua itakuwa kubwa kuliko ya tinga la siku moja. Ilipeni, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya deni inayolipika kwa fedha.